Mtwara hadi Dar kwa ndege: kilomita 400 na siku nne za njiani

Ukitafuta mtandaoni umbali kati ya Uwanja wa Ndege wa Mtwara (MYW) na Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam (DAR), utapewa kilomita 400 na saa moja. Tarakimu hizo ni sahihi kwa ndege. Kwa abiria anayetoka Lindi, Mtama, Newala au Tandahimba hazitoshi kabisa, na wengi wameachwa na ndege kwa kuziamini peke yake. Kumbukumbu hii inafuata safari ya kutoka Lindi mjini hadi Dar kwa ndege, kisha kurudi kwa basi, kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Saa zote ni za Kiswahili, isipokuwa pale inapotajwa saa ya tiketi.

Jumanne: Lindi hadi Mtwara

Lindi ina uwanja wake, Kikwetu (LDI), upande wa kaskazini wa mji. Lakini kwa ndege za abiria za ratiba, hasa zile za viti 70 na kuendelea, msafiri wa Lindi kwa kawaida huegemea Mtwara. Ndiyo maana safari ya anga inaanza na kosta ya barabarani.

Barabara ya Lindi–Mtwara ni kama kilomita 105 hadi 110. Unapita Mingoyo, pale Mnazi Mmoja ambapo njia ya Masasi inachepuka, kisha unashuka hadi Mikindani na kuingia Mtwara mjini. Gari dogo lisilosimama linatumia saa moja na nusu hadi mbili. Kosta inayopakia na kushusha njiani hesabu saa mbili na nusu, pamoja na muda wa kusubiri ijae stendi, ambao hakuna anayeweza kukuahidi.

Kwa ndege ya asubuhi, lala Mtwara. Kutoka Lindi alfajiri siku yenyewe kunawezekana, ila pancha moja kati ya Mingoyo na Mikindani inatosha kukupotezea nauli ya ndege, na usiku mmoja wa nyumba ya wageni ni nafuu kuliko kubadilisha tiketi siku ya safari.

Jioni hii ndiyo ya kufanya kazi tatu.

Kwanza, soma saa ya tiketi. Tiketi zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24. Toa sita upate saa ya Kiswahili: 10:30 ni saa 4:30 asubuhi, 13:40 ni saa 7:40 mchana. Ikishavuka 18:59, toa kumi na nane: 19:15 ni saa 1:15 usiku. Kosa linalowaponza watu ni kuona 07:00 wakaisoma saa saba mchana. Ndege hiyo inaondoka saa moja asubuhi.

Pili, pima mzigo. Tiketi nyingi za daraja la kawaida kwa safari za ndani huruhusu kilo 23 za kupakiwa na kilo 7 za mkononi, lakini zipo tiketi za bei ya chini zenye kilo pungufu, hivyo soma ya kwako. Mizani ya dukani inatosha: jipime mwenyewe, kisha jipime ukiwa umeshika begi, utoe. Gunia la korosho linadanganya macho kwa sababu ni dogo ila zito. Begi la magurudumu linaloingia vizuri kwenye kabati la ndege kubwa huenda lisiingie kwenye kabati la ndege ya pangaboi. Litachukuliwa mlangoni na kupakiwa chini, kwa hiyo dawa, fedha na nyaraka ziwe kwenye mkoba mdogo usiotoka mkononi.

Tatu, kagua kilichomo, na hapa watu wa pwani ya kusini wasome kwa makini. Mbata hazipandi na abiria. Nazi iliyokaushwa imeorodheshwa kimataifa kuwa bidhaa ya hatari, namba UN 1363, kwa sababu mafuta yake yanaweza kujipasha moto yenyewe ikiwa imerundikwa mahali pasipo na hewa. Nazi mbichi yenye kifuu chake haimo katika orodha hiyo. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa hazina shida. Ngisi na pweza wakavu wafungwe mifuko miwili, kisha chombo chenye kifuniko cha kukaza, maana kinachokataliwa kaunta mara nyingi ni harufu na maji yanayovuja. Kisu na panga vikae kwenye mzigo wa kupakiwa. Kinyume chake, pawabenki haipakiwi chini kamwe, inakaa nawe. Kikomo cha bila kuomba ruhusa ni saa-wati 100. Zidisha mAh zilizoandikwa juu yake kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya 20,000 mAh inatoa 74, inapita. Ya 30,000 inatoa 111, hiyo inahitaji idhini ya shirika.

Jumatano: Mtwara hadi Dar es Salaam

Mfano wetu ni ndege ya saa 10:30 ya tiketi, yaani saa 4:30 asubuhi.

Saa 2:15 bajaji inaondoka nyumba ya wageni. Uwanja uko kusini mwa mji, kilomita chache tu, na saa 2:30 umefika. Saa mbili kabla ya ndege zinaonekana nyingi kwa uwanja usio na msongamano mkubwa, ila kaunta hufungwa kati ya dakika 45 na 30 kabla ya kuondoka kutegemea shirika, na ikifungwa haifunguliwi hata kama ndege bado unaiona imesimama. Orodha ya abiria na uzito imeshakwenda kwa rubani, na mafuta na mpangilio wa mizigo vimekwisha kukokotolewa kwa uzito huo. Jina kwenye kitambulisho lifanane na la tiketi. Mwenye majina matatu aandike jina la kwanza na la ukoo kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Mtoto asafiri na cheti cha kuzaliwa.

Ukisubiri, usiangalie saa ya ukutani, angalia ndege iliko. Ndege inayokuchukua Mtwara ndiyo inayotoka Dar asubuhi hiyo hiyo. Inahitaji kama saa 1 na dakika 10 kufika, kisha dakika 30 hivi za kushusha, kusafisha na kupakia. Kwa kuondoka saa 4:30, lazima iwe imeng'oka Dar kabla ya saa 2:50. Ikiwa saa 3:20 bado iko Dar (programu kama Flightradar24 huonyesha), basi hakuna tangazo linaloweza kukutoa Mtwara kabla ya saa 5:00. Kuchelewa kwa asubuhi kunatokana na ndege yenyewe au hali ya hewa. Kuchelewa kwa mchana na jioni mara nyingi kumerithiwa: ndege moja inazunguka mikoa kadhaa kwa siku, na kila kituo kinaongeza dakika zake. Kwa sababu hiyo, mwenye jambo la lazima achague ndege ya kwanza ya siku.

Sasa umbali. Huhitaji programu kuupata. Uwanja wa Mtwara uko latitudo 10.34 kusini na longitudo 40.18 mashariki. Wa Dar uko 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 3.46. Zidisha kwa kilomita 111 za kila nyuzi, unapata 384. Tofauti ya longitudo ni 0.98. Zidisha kwa 111, kisha kwa 0.99, kwa kuwa mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, unapata 108. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: kilomita 399. Hizo ni maili za baharini 215, kipimo ambacho marubani hutumia, kila moja ikiwa kilomita 1.852. Mwelekeo ni kaskazini, ukiegemea magharibi kama nyuzi 16.

Tovuti nyingi hugawa umbali kwa kasi ya jeti ya kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Kwa njia hii unapata saa moja kamili. Ni makadirio mazuri, lakini hayajui umepanda ndege gani.

ATR 72, ya pangaboi na viti 70 hivi, huenda kama kilomita 510 kwa saa ikishatulia juu. Kutoka mlango kufungwa Mtwara hadi kufunguliwa Dar, ihesabu saa 1 na dakika 10 hadi 15. Dash 8-400, nayo ya pangaboi lakini yenye kasi hadi kilomita 667 kwa saa, huchukua saa 1 na dakika chache. Airbus A220-300, jeti ya viti 132, huweza kufanya dakika 55 hadi 60. Mtu angetegemea jeti ipunguze nusu ya muda. Haipunguzi, na sababu iko kwenye ufupi wa njia. Ili kushuka kutoka futi 20,000, ndege hutumia takriban maili tatu kwa kila futi 1,000, yaani maili 60. Kupanda nako kunakula kiasi kinachokaribia hicho. Katika maili 215, zinabaki kama 95 tu za kwenda kwa kasi kamili, ambazo Dash 8 huzimaliza kwa dakika 16 hivi. Mhudumu akianza kugawa maji, rubani anakaribia kuanza kushuka.

Upepo nao una neno. Barabara ya kurukia ya Mtwara imelala karibu kaskazini-kusini, 01/19 (namba hizi ni uelekeo wa kila upande kwa makumi ya nyuzi za dira). Ukarabati wa miaka ya karibuni umeirefusha hadi mita 2,800, upana mita 45, na kuiwekea taa. Ndege huruka ikielekea upepo. Wakati wa kaskazi inaruka kuelekea kaskazini na moja kwa moja imeshika njia ya Dar. Wakati wa kusi inaruka kuelekea kusini, kisha inageuka, na dakika mbili au tatu zimekwenda. Juu, upepo wa mgongoni wa noti 20 (maili za baharini 20 kwa saa) unaifupishia ATR safari kwa dakika tatu, na ukiwa wa usoni unaongeza karibu dakika nne. Hivyo kwenda na kurudi kwa ndege ile ile siku ile ile kunaweza kupishana dakika saba bila yeyote kukosea.

Keti kushoto. Mstari ulionyooka kati ya viwanja hivi viwili unapita baharini sehemu kubwa ya njia, na sehemu kubwa ya pwani inabaki kushoto kwako: ghuba ya Lindi, visiwa vya Kilwa, kisha delta ya Rufiji yenye mikoko na vijito vinavyogawanyika. Kulia utaiona Mafia. ATR na Dash 8 zina mabawa juu ya madirisha, kwa hiyo bawa halikuzibii, ila kaa mbali na usawa wa pangaboi kama kelele inakusumbua. Kwenye ATR abiria hupanda na kushuka kwa mlango wa nyuma, na mwenye haraka achague viti vya nyuma.

Saa 4:38 ndege imeruka, na saa 5:28 magurudumu yamegusa Dar. Barabara kuu ya kurukia ya Dar ni 05/23, mita 3,000. Ikitumika 05 unaingia kutokea upande wa Pugu. Ikitumika 23 ndege inazungushwa ije kutokea upande wa jiji na bahari, na kama kuna foleni ya ndege nyingine, hapo ndipo dakika kumi hupotea angani. Saa 5:38 mlango unafunguliwa. Mzigo unachukua dakika 20 hadi 30, hivyo saa 6:05 mchana uko nje ya jengo. Kutoka hapo hadi Posta ni kama kilomita 12 kwa Barabara ya Nyerere, kupitia Daraja la Mfugale pale Tazara. Mchana tulivu ni nusu saa. Jioni inaweza kufika saa moja na nusu. Tuseme saa 7:00 umefika.

Kutoka kitandani Mtwara hadi Posta ni saa nne na dakika 45. Hewani ni dakika 50, zaidi kidogo ya sehemu moja ya sita.

Alhamisi: Dar, kwa wanaoendelea

Ndege za ndani za mashirika makubwa kwa kawaida hutumia Jengo la Pili. Za kimataifa ziko Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019. Ni majengo tofauti: unatoka, unachukua usafiri, unakaguliwa upya. Ukiwa na tiketi moja ya shirika moja, mzigo huweza kuandikiwa hadi mwisho wa safari. Uliza Mtwara kaunta na usome herufi tatu za uwanja wa mwisho kwenye karatasi ya mzigo kabla haujaondoka. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, acha saa tatu kwa ndege ya ndani na saa tano au zaidi kwa ya nje, maana shirika la pili halidaiwi lolote na kuchelewa kwa la kwanza.

Je, kupitia Dar ni kuzunguka? Inategemea uendako. Mtwara hadi Mwanza kwa mstari ni takriban kilomita 1,185, na kupitia Dar ni 1,250. Umepoteza kidogo sana. Mtwara hadi Dodoma ni 670 kwa mstari na 790 kupitia Dar. Lakini Mtwara hadi Songea ni 505 tu kwa mstari, na kupitia Dar ni karibu 980. Kwa hiyo unapokata tiketi ya Dar, angalia kama namba hiyo ya safari inasimama Songea kwanza: Mtwara–Songea–Dar ni kilomita 1,085 badala ya 400, na muda unapita saa tatu pamoja na kusimama, ingawa tiketi inaonyesha namba moja ya ndege.

Jambo jingine linalowahusu sana watu wa mpakani: Pemba ni mbili. PMA ni ya Zanzibar. POL ni ya Msumbiji, iliyo chini kidogo ya kilomita 300 kusini mwa Mtwara kwa mstari. Mtandaoni ukiandika "Pemba" zote mbili hutokea. Msumbiji pia iko nyuma yetu kwa saa moja, na muda wa kufika kwenye tiketi ni wa kule.

Ijumaa: kurudi kwa basi

Saa 12:00 asubuhi basi linaondoka Mbagala. Barabara hadi Mtwara ni kama kilomita 560, yaani mara 1.4 ya njia ya angani. Mwendo wa basi hauruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ni 50 kwenye vijiji vyenye alama, kwa hiyo saa saba ni hesabu ya kwenye karatasi. Hali halisi ni saa tisa hadi kumi.

Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, mita 970, lililofunguliwa 2003. Kabla yake magari yalisubiri pantoni ya Ndundu, na masika yakiwa makali kusini yote ilikatika. Daraja limeondoa tatizo hilo lakini halijaondoa maji: mvua za 2024 na kimbunga Hidaya cha Mei mwaka huo vilikata barabara maeneo ya Somanga, na hapo ndipo ndege ikawa njia pekee ya uhakika. Kati ya Machi na Mei, uliza hali ya barabara siku moja kabla, kwa dereva aliyefika jana yake.

Somanga mabasi mengi husimama kwa chakula, na samaki wa kukaanga wa pale wanastahili kusimamiwa. Pale Nangurukuru, abiria wa Kilwa wanashuka. Mchinga, kisha Lindi, kilomita kama 450 kutoka Dar, saa 8:00 hadi 9:00 mchana.

Na hapa mtu wa Lindi afanye hesabu yake mwenyewe. Kwa mkazi wa Mtwara mjini, ndege inaokoa saa nne hadi tano. Kwa mkazi wa Lindi, kosta ya saa mbili na nusu ikiongezwa kwenye zile nne na dakika 45 inatoa saa saba na robo bila kuhesabu usiku wa kulala, dhidi ya saa nane au tisa za basi. Tofauti ni ndogo mno kulipia nauli ya ndege, isipokuwa barabara imekatika, una mgonjwa, au unaunganisha ndege nyingine Dar. Akirudi kwa ndege, achague inayotua Mtwara kabla ya saa 9:00 alasiri. Ikitua baada ya magharibi, kosta za Lindi zimekwisha, na itabidi kukodi gari hadi Lindi au kulala Mtwara usiku mwingine.